Alama ya Tindo

Ndanu, msimamizi wa zamu, aliiweka springi bapa ya lori mezani, akapitisha kidole kwenye ncha yake. "Mzee Shiundu, hii ni kazi yako?"

Shiundu alitabasamu. Angejuaje kwamba anaulizwa kosa? Pale nchani palikuwa na mistari miwili ya tindo, mmoja mfupi, mmoja mrefu. Kwa miaka kumi na minane ya ufundi wa jua kali kule soko la Gikomba, hakuna springi iliyotoka mikononi mwake bila mistari hiyo. Fundi asiyeweka alama, walisema mafundi wenzake, amepanga kukukimbia.

"Ni yangu. Ikivunjika, mwenye gari anijie mimi."

Alikuwa na wiki tatu tu katika kiwanda kipya cha springi cha wageni, na springi zake arobaini na moja zilikuwa zimekataliwa. Ndanu alimweleza polepole: wageni wanasema chuma huanza kukatika pale kilipochanjwa. Hilo Shiundu alilijua tangu ujana, ndiyo maana alichanja nchani, pasipobeba uzito. Alipojitetea, Ndanu alimsikiliza hadi mwisho, na ilionekana anamwamini. Hilo lilimuuma zaidi.

"Wamenituma nichukue ovaroli, baba."

Ovaroli ile Khalayi, mkewe, aliipiga pasi kila jioni, na majirani pale mtaa wa Tena walikuwa wameanza kumwita mama kampuni. Shiundu aliivua mbele ya vijana wa zamu. Aliona aibu, na hakuificha. Nyumbani alimwambia Khalayi ukweli wote. Khalayi akaenda kuuondoa ubao wa pasi.

Mwezi uliofuata, Zubair, mwuza vyuma chakavu, alileta mzigo Gikomba kwenye kibanda alichorudia Shiundu. Alitaka mapanga. Chuma ni kipya kabisa, alisema, sijui kwa nini wamekitupa. Shiundu aligeuza springi ya kwanza, akaiona mistari yake miwili.

Aliitia motoni, akaipiga mpaka mistari ikalala na kupotea.

Panga lilipokuwa tayari, mkono wake wenyewe ulienda kwenye tindo, ukaiinua. Zubair akangoja, kwa kuwa wateja wake walizoea kuitafuta alama kabla ya kununua.

"Bado alama, fundi."

Shiundu alilipapasa panga kwa kidole gumba, taratibu, toka mpini hadi ncha. Akairudisha tindo chini, akampa panga hivyo hivyo, tupu, na kuchukua springi ya pili.