Makopo ya Uji

Nilikuwa mwalimu mkali kwa yeyote anayetupa vitu, na ukali huo niliuona sifa. Mwaka 1982 rafu za maduka ya Mlowo zilikuwa tupu, na shuleni kwetu, kwenye vilima vya kahawa vya Mbozi, darasa langu la tatu lilikunywa uji kwa zamu katika vikombe saba. Nikatangaza mstarini kwamba kila mtoto alete kopo la kwao, maana hakuna kitu cha kutupa. Mwenye kopo safi kuliko wote atapigiwa makofi.

Yakaja makopo ya samli na ya maziwa ya unga. Ferista alileta kopo la dawa ya kupulizia mibuni, limechomwa moto hadi maandishi yakaisha, limesuguliwa kwa majivu likang'aa. Nililitambua. Kila nyumba yenye kahawa ililichoma kopo la namna ile, ikalisugua, ikalitumia kutekea maji. Hata mama yangu alifanya hivyo. Basi nikaliinua watoto wote walione, na makofi yakapigwa. Kesho yake wenzake kumi wakaja na makopo ya namna ile.

Siku ya tatu, baada ya uji, Ferista alianza kutokwa mate na jasho, mikono ikitetemeka. Tulimkimbiza hospitali kwa lori la kahawa. Daktari aliuliza amekunywa nini, na kwa chombo gani. Nikamwambia.

"Dawa hujificha kwenye mshono wa kopo, Mwalimu. Moto hauimalizi. Ukirudi, waeleze wazazi."

Kabla ya jioni mtoto akafa.

Msibani watu walisema ni malaria iliyompanda kichwani. Mama yake, Tabita, alinishika mkono, akanishukuru kwa kuhangaika na mwanawe. Nikanyamaza. Niliogopa, basi, sina sababu nyingine ya kuipamba.

Ijumaa nilikusanya makopo yote ya dawa, kumi na moja, nikayafukia nyuma ya choo cha shule bila kumweleza mtu. Nikajiona nimemaliza.

Jumatatu, kwenye foleni ya uji, Watson, mmoja wa wale kumi, alikuwa ameshika kopo lake lile lile la dawa, linang'aa.

"Umelitoa wapi?"

"Mama amelifukua, Mwalimu. Tulikuona ukiyafukia, tukasema nyumbani. Wamama walikuja jana na majembe. Wanasema Mwalimu amesahau alichofundisha, anatupa vitu vizima."

Mpishi alikwisha kuinua upawa. Nililipiga lile kopo likamtoka Watson mkononi, naye akaanza kulia mbele ya wenzake.

"Mengine yako wapi?"

"Wamegawana. Moja analo mama yake Ferista."

Nikamwambia mpishi asimpe mtoto yeyote uji mpaka nirudi, nikakimbia. Sikuwahi kukimbia vile hata ujanani. Nilimkuta Tabita uani, amempakata mdogo wake Ferista, anamnywesha maji.

"Karibu, Mwalimu. Mbona unahema?"

"Mama, acha! Usimnyweshe!" Nilimpokonya kopo. "Ni haya makopo. Dawa ya kahawa haitoki. Ndiyo iliyomuua Ferista."

Alimpangusa mtoto midomo kwa pindo la kanga, mara mbili, mara tatu.

"Nani amekwambia?"

"Daktari. Siku ile ile."

Tabita alimweka mtoto chini, akainuka.

"Siku ile ile," akasema. "Na msibani nikakushukuru."