Kijiji Ndani ya Ini la Rafila

Jirani yetu Veturia anadai kwamba siku aliyomsindikiza Rafila hospitali ya mkoa, aliona kijiji chetu cha zamani ndani ya ini. Veturia ana tabia ya kutia chumvi. Siku hiyo hakutia.

Rafila alilala kwa ubavu, blauzi imekunjwa hadi kifuani. Kipimo cha kwanza kilionyesha uvimbe kwenye ini, na tangu hapo chakula hakikushuka, anawaza kansa. Daktari Horea akamtia mshipani dawa ya viputo, vidogo kiasi cha kupita kila inapopita damu, akamkandamizia kifaa cha ultrasaundi chini ya mbavu.

"Vuta pumzi, mama. Shikilia."

Kwenye skrini uvimbe ukaanza kung'aa pembezoni. Iliwaka nyumba ya mwalimu, zikafuata za ukingoni, halafu mwanga ukaingia taratibu mpaka kanisani. Ndicho kijiji ambacho mgodi wa shaba ulikizamisha kwenye tope la taka zake, Rafila na Veturia wakiwa wasichana.

"Kansa haing'ai hivi," daktari alisema. "Mwanga umetoka pembeni kwenda ndani, na haukimbii. Ni uvimbe wa mishipa ya damu tu. Utazeeka nao."

"Nishazeeka, mwanangu."

"Paa letu lile pale linavuja," Veturia alisema. "Baba nilimwambia, akaniita kidomodomo."

Nyuma ya kanisa yalikuwapo makaburi. Mgodi uliapa kuwa yote yalihamishwa kabla ya tope, na ofisi ya kijiji kipya inasema hivyo mpaka leo. Msalaba wa mama yake Rafila ulisimama palepale. Mama mwenyewe alikaa kando yake, kitambaa kichwani, anatazama juu kama mtu anayengoja basi.

"Daktari, unamwona?"

"Namwona. Asisogee, namalizia kupima."

Viputo vikaanza kupasuka. Rafila alivitoa kwa pumzi, nyumba moja moja, kikabaki kivuli. Daktari akaandika, kisha akamsomea: uvimbe hauna madhara, hauhitaji kuguswa, uachwe ulivyo.

"Hata ofisini hutuambia hivyohivyo," Veturia alisema.

Rafila alifunga vifungo vya blauzi.

"Niongezee mstari mmoja, mwanangu. Andika kwamba mama yangu bado yuko kule, umemwona kwa macho yako. Mimi nikisema wananicheka. Wewe una muhuri."

Muhuri daktari alikuwa nao mkononi. Alikuwa anaupulizia pumzi ili wino ushike.