Posho ya Sindila

Ranilda alikuwa amefikia jino la kumi na tisa la kitana aliposikia baragumu la ngomeni. Hakuinua kichwa. Ukiacha jino katikati, pembe ya kulungu hupata ufa, na kitana chenye ufa hakina mnunuzi. Alimaliza kukata, akapuliza unga wa pembe uliomjaa mapajani, kisha akaufunga msumeno wake mdogo ndani ya kitambaa.

"Hilo ni la posho," alisema mama mkwe wake kutoka penye moto. Wajukuu wake wawili walikuwa wamemlalia ubavuni, mmoja kila upande, chini ya blanketi moja la manyoya.

"Nimesikia, mama."

"Basi usikae. Waliochelewa mara iliyopita walipewa ngano yenye panya."

"Walipewa panya wenye ngano," alisema Ranilda, na yule bikizee akacheka kidogo, bila meno.

Kabla ya kutoka alitia mkono ndani ya mtungi wa nafaka. Uwele uliobaki ulimfika kwenye vifundo vya vidole. Ukipikwa uji mwepesi ungewatosha siku nne, tano kama yeye mwenyewe angesema ameshiba. Theluji ilikuwa bado imelala mashambani, na Mto Danubi ulikuwa umeganda kiasi kwamba watu wa ng'ambo walivuka na mikokoteni. Mpaka mavuno ilikuwa miezi mitano.

Posho ilikuwa ya mume wake, Sindila. Ndivyo mkataba ulivyosema tangu Wagothi walipopewa ardhi upande huu wa mto. Wao walime, na Kaisari akiita, wanaume waende vitani. Mwanamume akiwa vitani, nyumba yake hupewa ngano kutoka ghala la ngome. Kaisari aliita kiangazi kilichopita. Vita vilipiganwa milimani, mbali sana magharibi, Warumi kwa Warumi, na Kaisari akashinda. Baadhi ya wanaume walirudi kabla ya theluji. Sindila hakuwa miongoni mwao.

Sasa palikuwa na sharti jipya. Siku tatu kabla, Optarit alikuwa amepita kijijini akitangaza. Optarit alizaliwa nyumba ya nne kutoka kisimani, lakini siku hizi alikuwa mkalimani wa ngome, amekata nywele fupi na kuvaa joho la Kirumi. Kila mwanamke anayechukua posho ya mume wake, alisema, aje na mpiganaji wa kikosi kimoja na mume huyo, aape kwamba mume yu hai.

"Wafu wengi wanakula siku hizi," aliongeza, akicheka peke yake.

Hakuna aliyeamini kwamba tatizo lilikuwa wafu. Wanawake waliokwenda kuchota maji walikuwa wameona mikokoteni miwili ikitoka ngomeni alfajiri, imefunikwa ngozi, ikielekea sokoni mjini. Majina yakipungua orodhani, mikokoteni itakuwa mitatu.

Ranilda alibeba gunia lake tupu na kupitia kwa Tulgilo. Tulgilo alikuwa rafiki wa Sindila tangu utotoni, na vitani walisimama bega kwa bega. Alimkuta anapasua kuni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umebakiwa na vidole vitatu.

"Shemeji," alisema, bila kumtazama. "Nilijua utakuja."

"Kama ulijua, mbona jana uliponiona ulipitia nyuma ya zizi?"

"Nguruwe walikuwa wametoka."

"Nguruwe gani? Nguruwe wako wa mwisho tulimla wote mwezi uliopita. Mimi nilipata sikio."

Tulgilo alichomeka shoka kwenye gogo. Kiunoni alikuwa amevaa mkanda ambao Ranilda aliufahamu vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyeishona ngozi yake pale ilipokatika karibu na bizimu. Hakuutaja mara moja. Aliutazama tu hadi Tulgilo mwenyewe akaushika.

"Nimeshakwambia, tulicheza dadu. Nikamshinda."

"Sindila hachezi dadu."

"Vitani kila mtu anacheza. Ungefanya nini usiku kucha, unachonga vitana?"

"Ana mwanamke huko? Sema tu. Sitapiga kelele."

"Hana mwanamke."

Ranilda alitamani angesema anaye. Mwanamke mwingine ni jambo linaloeleweka, lina mwanzo na mwisho. Lakini miezi minne mtu yule yule anakwambia mumeo yuko nyuma, anakuja na kundi la pili, na kila ukimuuliza anatazama kuni, nguruwe, mawingu.

"Basi twende ukaape," alisema.

"Wanaapisha kwa kitu gani?"

"Kwa Injili. Na kwa maisha ya Kaisari."

Tulgilo alishusha pumzi. "Kwa maisha ya Kaisari naweza kuapa hata kwamba farasi wangu ni askofu." Akaingia ndani, akatoka na upanga wake, kwa kuwa mpiganaji hawezi kuitwa shahidi akiwa mikono mitupu.

Ranilda aliiona ile pumzi. Ilimkaa rohoni njia nzima, kama mwiba wa samaki kooni. Mtu mwenye neno la kweli hahitaji kupumua hivyo.

Mbele ya lango la ngome walikuta meza, na nyuma ya meza karani wa posho, Prokulo, amevaa kofia ya manyoya na glavu zilizokatwa vidole. Hakuwa mtu mkali. Aliwahi kununua kwa Ranilda kitana cha mke wake, na hakuomba kupunguziwa. Optarit alisimama pembeni yake. Foleni ilikuwa ya wanawake thelathini hivi, kila mmoja na gunia, na wanaume wachache waliokuja kuapa. Jua lilikuwa dogo na la chini, limeegemea ukuta.

"Optarit!" mwanamke mmoja aliita. "Nywele zako uliwapa bure au walikulipa?"

"Aliwapa kwa mkopo," mwingine akajibu. "Ndiyo maana anawafuata kila waendako."

Watu wakacheka. Optarit alitabasamu kama mtu aliyezoea, lakini masikio yalimwiva.

Wa kwanza waliapa haraka. Mkono juu ya kitabu, maneno mawili matatu, ngano ikamiminwa. Mpiganaji mmoja mzee alimwapia mpwa wake, naye kila mtu pale alijua kwamba mpwa huyo alikufa kwa homa njiani. Hakuna aliyekohoa. Karani aliandika.

Nyuma ya Ranilda alisimama Gudeliva, jirani yake, ambaye mumewe kweli alikuwa hai, amelazwa pamoja na majeruhi huko huko magharibi. Kaka yake alikuwa amekuja kumwapia.

"Shoga, tazama," alinong'ona. "Yule anamwambia nini karani?"

Optarit alikuwa ameinama sikioni kwa Prokulo. Alisema kwa muda mrefu. Prokulo alimsikiliza, akakunja uso, akauliza swali moja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakifunga kitabu na kukiweka chini ya meza.

"Kuanzia sasa," Optarit alitangaza, bila kumtazama mtu yeyote usoni, "mashahidi wataapa kwa upanga."

Warumi wasingeweza kulijua jambo hilo wenyewe. Wagothi ni Wakristo, wana Injili kwa lugha yao, na Jumapili huapa lolote kwa kitabu. Lakini mpiganaji anapotaka kuaminiwa na mpiganaji mwenzake, huchomoa upanga, huweka kiganja juu ya bapa lake na kusema. Akisema uongo, siku moja upanga huo utamgeuka mkononi. Mchungaji alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba huo ni upagani. Hata hivyo, watu walipoapiana hivyo, naye alisogea hatua mbili nyuma.

"Mwana haramu," alisema Gudeliva polepole. "Ametuuza."

"Sindila, mwana wa Wiljarith," Prokulo aliita.

Ranilda na Tulgilo wakasogea mezani. Tulgilo alichomoa upanga na kuulaza juu ya meza, kando ya wino. Akaweka juu yake mkono wenye vidole vitatu.

"Aseme," alisema karani.

"Naapa," alisema Tulgilo. Akainama.

"Sema, shemeji," alisema Ranilda. "Ni maneno mawili tu. Yu hai."

Upepo uliokuwa ukivuma toka mtoni uligeuza ukurasa wa daftari, na karani akaurudisha kwa kidole. Tulgilo alikuwa bado ameinama. Kisha akauondoa mkono wake, taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye chombo chenye moto asitake watu wajue kwamba ameungua.

"Siwezi," alisema.

Hivyo ndivyo Ranilda alivyopata habari. Hakulia. Alishangaa kwamba alikuwa ameshika gunia vile vile, kwamba miguu ilikuwa bado baridi.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ya kwanza." Tulgilo alizungumza kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayetapika. "Walituweka mbele, sisi wote, na jeshi lao likakaa nyuma na ngao safi. Alikuwa kushoto kwangu. Nilimzika mimi, shemeji, mahali pa mawe, kwa mikono hii. Mkanda nilimvua nikuletee. Nikafika mlangoni kwako, mama akaniuliza kama mwanawe anakula vizuri. Nikasema yuko nyuma. Halafu nikawaza, angalau watakuwa na ngano hadi mavuno. Nikauvaa ili nisiulizwe nimeutoa wapi."

"Nikakuuliza kila siku."

"Ukaniuliza kila siku."

Prokulo alichovya kalamu. "Vipi?"

"Shahidi amekataa," alisema Optarit.

"Amekufa," alisema Ranilda. "Mwambie aandike amekufa. Alikufa katika vita vya Kaisari."

Optarit alitafsiri. Karani aligeuza daftari ili Ranilda aone, ingawa mwanamke huyo hakujua kusoma. Kulikuwa na safu mbili. Alionyesha ya kwanza kwa ncha ya kalamu, kisha ya pili.

"Hii ni yupo," Optarit alieleza. "Hii ni ametoroka."

"Na waliokufa?"

"Waliokufa huandikwa na kamanda wa kikosi. Kwa barua. Barua ya kikosi chenu haijafika."

"Kamanda wetu alikufa wa kwanza," alisema Tulgilo. "Kabla ya adhuhuri. Nani ataandika?"

Optarit aliuliza. Karani alifikiri, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Basi barua haitakuja," alisema, akaandika kwenye safu ya pili.

"Dada," alisema Optarit. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ilikuwa sauti ya zamani, ya nyumba ya nne kutoka kisimani. "Mke wa mtoro hana posho. Na shamba linarudi serikalini kabla ya kupanda. Sikujua kwamba yeye... Mimi niliwataka wale wanaodanganya tu. Kwa upanga au kwa kitabu, mimi nilidhani kwako ni sawa."

"Mtoro?" alisema Tulgilo. "Sindila?"

Aliunyanyua upanga kutoka mezani. Askari wawili wa lango walishusha mikuki, lakini yeye aliushika kwa makali yake, kipini juu, na kiganja kikaanza kutoa damu. Akapaza sauti, kwa Kigothi, mpaka wanawake wa mwisho wa foleni wakasikia.

"Naapa kwa huu! Sindila mwana wa Wiljarith amekufa, na nilimzika mimi. Alikufa akitazama mbele. Waliomweka pale walikuwa nyuma yake!"

Mama mmoja alijifunika uso kwa ncha ya shali.

"Anasema nini?" Prokulo aliuliza.

Optarit alitazama ile mikuki, akatazama damu iliyodondoka kwenye theluji, akatazama joho lake.

"Anashukuru," alisema.

Ranilda hakujua Kirumi kingi. Alijua maneno ya sokoni: chumvi, ghali, kitana, kesho. Alijua pia shukrani, kwa sababu alilazimika kuisema kila mara.

"Hapana shukuru," alimwambia karani, kwa Kirumi chake cha kuokoteza. "Mume kufa. Mbele. Wewe andika."

Prokulo alimtazama. Kisha akamtazama mkalimani wake, na mkalimani akatazama viatu. Karani akapangusa ncha ya kalamu, kwa uangalifu, kwa kitambaa.

"Anayefuata."

Gudeliva alikuwa nyuma yake na gunia. Alikuwa amelia, pua imekuwa nyekundu. "Nipishe, shoga," alisema kwa sauti ndogo. "Watoto."

Ranilda akampisha. Alisogea hatua moja tu, pembeni ya meza, upande ule jua lilikotokea. Kivuli chake kikaanguka juu ya daftari, juu ya safu zote mbili.

Karani aliinama karibu zaidi na ukurasa. Akauvuta huku, akausukuma kule. Akasema neno kwa Optarit.

"Dada," alisema Optarit, "anasema unamzibia mwanga."

"Nimemsikia," alisema Ranilda.

Kalamu ilikuwa juu, inangoja, na wino ukaanza kukauka kwenye ncha. Gudeliva alikuwa amefungua mdomo wa gunia lake tayari, lakini hakumwambia tena ampishe. Askari mmoja alianza kuja kutoka langoni, bila haraka. Ranilda alimwona anavyokuja. Hakusogea.