Kichwa cha Mama Kurasa

Simu ilipolia mara ya kwanza, msusi hakuipokea. Vidole vyake vilikuwa vimejaa mafuta, na mikononi alikuwa na kichwa cha karani wa benki, upande wa kushoto umeshasukwa, upande wa kulia nywele zimesimama kama zimeshtuliwa usingizini. Ilipolia tena, karani mwenyewe akasema, "Pokea, dada. Mtu hasumbui hivi kwa salamu."

Akaibana simu kati ya bega na sikio.

"Wewe ndiye ndugu wa yule binti wa kifua, wodi ya wanawake?" Ilikuwa sauti ya muuguzi, imechoka.

"Mimi ni dada yake."

"Njoo."

"Nimebakiza nusu kichwa hapa. Nikimaliza tu..."

"Njoo sasa hivi, mama."

Karani alijitazama kwenye kioo, akaigusa ile nusu iliyosimama, kisha akavua mtandio mabegani akajifunga kichwani. "Nenda," alisema. "Mimi nitajua pa kupita."

Msusi alipofika wodini, godoro la mdogo wake lilikuwa limeshakunjwa, na mwanamke mwingine, mgonjwa mgeni, alikuwa amekaa juu ya vyuma vitupu vya kitanda akisubiri shuka. Muuguzi alimkabidhi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kandambili, kikombe, chanuo na kitabu. Msusi hakulia pale. Aliuliza ni wapi atapata maji ya kunawa mikono.

Nyumbani marehemu walimwita Mdogo, na hata mtaani jina likamganda, watu wakasahau alilopewa. Alimaliza kidato cha nne na alama nzuri za lugha, na hapakuwa na wa kumsogeza mbele zaidi. Akaajiriwa kiwanda cha sabuni, kujaza sabuni ya unga kwenye pakiti. Walimweka mstari wa nne, ule ulio chini kabisa ya mdomo wa mashine, ambako unga huanguka kutwa nzima na kupanda tena hewani. Jioni alirudi nyusi nyeupe.

"Karibu, bibi," msusi alimwambia kila akimfungulia mlango. "Wajukuu hawajambo?"

Wakacheka. Mwaka wa pili waliacha kucheka, maana kicheko kilimletea Mdogo kikohozi, na kikohozi chake kikishaingia kilikuwa hakijui kwao.

Usiku aliandika kwenye simu, amejilaza ubavu. Aliandika habari za wanawake wa mstari wa nne, lakini hakumtaja mtu. Sabuni aliigeuza ikawa chokaa. Kiwanda alikihamishia mji usiokuwepo. Kila mwanamke alimpa jina la kubuni, na aliyempenda kuliko wote alimwita Mama Ndoo.

Huyo Mama Ndoo, kwa kweli, alikuwa jirani yao wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye wajukuu, naye wa mstari wa nne, aliyeficha ndoo ya maji chini ya meza ya maboksi. Wenzake wakipita walichovya kitambaa, wakakikamua, wakajifunga puani, na unga ukanasa kwenye kitambaa badala ya kifuani. Msimamizi alikuwa amepiga marufuku maji mstarini, kwa kuwa tone moja likidondoka huharibu pakiti nzima. Barakoa zilikuwepo, ila ziligawiwa siku ya wakaguzi, na wakaguzi wakiondoka zilikusanywa zikarudishwa stoo.

"Nikikuandika, si watakujua?" Mdogo alimuuliza.

"Niandike," Jirani alijibu. "Ila humo ndani nifanye mwembamba."

Akamfanya mwembamba. Jirani aliposomewa ukurasa ule alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Huyo hata mume wangu marehemu asingemtambua."

Wachapishaji hawakumjibu Mdogo. Mmoja tu alijibu, akasema shida watu wanazo nyumbani kwao, hawawezi kuzifuata dukani. Basi akachapa mwenyewe kwa akiba yake ya kiwandani, maboksi yakaja, wakayasukuma chini ya kitanda walicholala wote wawili. Duka moja la vitabu lilipokea nakala chache na kuziweka nyuma, pamoja na kalenda za mwaka uliopita. Wodini, akiwa na mpira wa hewa puani, alimshika dada yake mkono akasema, "Dada, visikae mvunguni. Sikuwaandikia mende."

Baada ya mazishi msusi alijaribu. Alivipanga vitabu kwenye rafu ya saluni, katikati ya makopo ya mafuta. Wateja walivichukua, wakatazama jalada, wakasema pole, kisha wakajipepea navyo. Mmoja ndiye aliyemfungua macho.

"Siku hizi kitabu hakiuzwi rafuni, dada. Kinauzwa mdomoni mwa mtu. Mtafute Mama Kurasa."

Msusi alimtafuta simuni. Alimwona mwanamke mwenye sauti ya asali, ameketi mbele ya rafu nadhifu, akiinua kitabu kwenye kamera, akikipapasa jalada kama shavu la mtoto, akishusha pumzi. Wafuasi wake wangejaza uwanja wa mpira. Alichokipapasa jioni, watu walikiulizia asubuhi. Msusi akamwandikia. Jibu lilikuja haraka, bei ya video fupi, bei ya video ndefu, bei ya machozi. Ndivyo ilivyoandikwa, bei ya machozi. Msusi aliiweka simu kifudifudi mezani akaendelea na kazi. Jioni ujumbe mwingine ukaingia.

"Nimeona picha za kazi zako. Unasuka vizuri. Tunaweza kuelewana."

Wakaelewana hivi: kwa mwaka mzima, kila Jumamosi ya pili, msusi amsuke Mama Kurasa bure, rasta nyembambanyembamba, nywele za kuongezea zikiwa juu ya msusi. Mama Kurasa naye atoe video moja.

"Moja tu?" msusi aliuliza.

"Mama, yangu moja ni sawa na mia za wenzangu. Waulize."

Jumamosi ya kwanza alikuja na miwani ya jua, akakaa, akavua viatu. Msusi alimwosha, akamkausha, akaanza kugawa nywele kisogoni. Kitabu kilikuwa mapajani pa Mama Kurasa, bado kimefungwa kwenye nailoni yake.

"Umekisoma, dada?"

"Nimesoma mgongo wake. Unatosha." Alikigeuza. "Lakini niambie ukweli. Chokaa? Nani ana habari na chokaa? Kuna mtu ana chokaa nyumbani?"

"Ni kitabu cha watu wa kazi."

"Najua. Ila mimi siuzi kitabu, nauza sababu ya kukinunua. Nipe kitu cha kweli. Huyu marehemu alikuwaje?"

Msusi alikuwa amesuka vichwa tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo anayekaa ndiye aliyesema, anayesimama akasikiliza. Kiti kile kilikuwa kimesikia ndoa zikivunjika na mimba zikikanwa, na hakuna neno lililovuka kizingiti. Yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa kitu. Tangu mazishi watu walikuwa wanakwepa kumtaja Mdogo, wakidhani ndiyo huruma. Sasa mtu alimuuliza, na swali lilikuwa jepesi, na mikono yake ilikuwa na kazi ya kutwa.

Akasema. Alianza na nyusi nyeupe. Alisema Mdogo alivyolala ameketi mwezi wa mwisho. Alisema si chokaa, ni sabuni, na sabuni yenyewe ni ipi. Mama Kurasa alisikiliza vizuri, hakumkatiza, kila mara aliguna kidogo, "Mm. Endelea, dada'angu." Kuna mahali alijipangusa macho kweli. Msusi akaona amepata mtu. Akamwambia habari za ndoo.

"Huyu Mama Ndoo yupo?"

"Yupo. Ni jirani yangu, mlango wa pili. Mpaka leo yuko mstari wa nne, na ndoo yake bado iko palepale chini ya meza ya maboksi. Wangemjua wangemfukuza."

"Masikini," alisema Mama Kurasa. "Usinibane sana hapo kwenye sikio."

Video ilitoka Jumatatu. Msusi na Jirani waliitazama pamoja, wamekaa kitandani juu ya maboksi, simu katikati yao. Mama Kurasa alikipapasa kitabu, sauti ikatetemeka. Alisema hiki si kitabu cha kubuni, wapenzi wangu, msidanganywe na chokaa. Alikitaja kiwanda. Akataja mstari. Kisha akaisogelea kamera, akanong'ona kama anayempa kila mmoja siri peke yake, kwamba mama mwenye ndoo yu hai, yuko pale mpaka leo, na maji ameyaficha chini ya meza ya maboksi.

Msusi hakuweza kumtazama aliye pembeni yake. Jirani ndiye aliyesema, "Amenisifu sana." Halafu akasema, "Ulimwambia wewe?"

"Nilikuwa nasuka," msusi alijibu.

"Mm."

"Nilidhani anauliza tu, jirani. Sijawahi kuulizwa."

Jirani aliinuka, akajinyoosha kanga. "Kesho naamka mapema," alisema, akaenda kwake.

Watu walilia chini ya video ile mpaka simu ya msusi ikawa nzito kuifungua. Waliolia walikuwa maelfu. Walionunua wangeenea kwenye benchi la saluni. Jumanne msimamizi alikwenda moja kwa moja mstari wa nne, akainama, akaivuta ndoo kwa guu lake, akaimwaga mferejini mbele ya wote. Hakupaza sauti.

"Ya nani?"

Macho yote yalibaki kwenye pakiti.

"Basi nitawatoa wote."

Jirani akanyanyua mkono, kama mwanafunzi.

"Wewe na umri huo," msimamizi alimwambia. "Wajukuu watakula nini?"

"Hilo ungeniachia mimi, mwanangu," alisema, akavua aproni. Wenzake walibaki wanapakia. Mmoja tu, binti mpya, alimtazama mpaka mlangoni, na wakati anatazama pakiti yake ikafurika.

Alhamisi video ilikuwa haipo. Mahali pake alikuwepo Mama Kurasa yuleyule, nywele zilezile alizosukwa na msusi, ameshika pakiti ya sabuni ya kiwanda kile shavuni. Alisema amekitembelea kiwanda kwa macho yake, amepewa chai na kuonyeshwa barakoa, na ni safi kuliko nyumba za watu wengi. Alisema waandishi nao hutia chumvi, na hiyo si dhambi, ndiyo kazi yao.

Msusi alimpigia.

"Dada, umeifuta."

"Imekaa siku tatu. Hatukupatana ikae milele."

"Na jirani yangu wamemfukuza."

"Pole sana. Kweli, moyo umeniuma." "Lakini si wewe uliyenieleza? Mimi nitajuaje lipi la kusema na lipi la kunyamazia? Sikuwepo."

"Basi tuachane na haya mapatano. Tafuta msusi mwingine."

"Mama, tusifike huko." Sauti ilikuwa ileile ya asali. "Mimi kazi yangu nimekabidhi. Nikisimama jioni moja nikasema kuna saluni mahali fulani, taulo zinanuka, mwenye nayo hatimizi ahadi, Jumatatu utafungua mlango umsubiri nani? Sitaki kufanya hivyo. Nakupenda. Na hakuna anayenisuka kama wewe."

Msusi aliangalia saluni yake: kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, ndoano ya taulo. Kodi ya chumba na ya saluni zilitoka kwenye kile kiti.

"Saa ngapi Jumamosi?" aliuliza.

Kiwanda kingine hakikumchukua Jirani. Habari zake zilikuwa zimemtangulia, na umri nao. Kwa wiki kadhaa alikaa kibarazani akichambua vitu ambavyo vilikwisha kuchambuliwa. Msusi hakuwahi kumwomba msamaha kwa maneno. Kila alipoyaandaa yaligeuka kuwa habari za maji au za mvua. Mwishowe alimwambia ana haja ya mtu wa kuosha vichwa, kazi imemzidi. Haikumzidi. Jirani alijua haikumzidi.

"Malipo?" aliuliza.

"Tutagawana kinachopatikana."

"Na kile kichwa cha Mama Kurasa kisicholipa?"

Msusi alianza kukunja taulo.

"Nacho tutagawana," Jirani alisema, akaenda kutafuta kandambili zake.

Mama Kurasa huja kila Jumamosi ya pili, asubuhi, kabla jua halijakolea. Anavua miwani, anakaa, anaegemeza shingo kwenye beseni na kufumba macho. Hajawahi kuuliza mwoshaji ni nani, na kitabu hajakitoa kwenye nailoni. Jirani humwinua kichwa kwa kiganja kimoja, humimina maji kwa kingine, na kwanza huyajaribu kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, asije akamuunguza.