Msokoto wa Mzee Moshi

Baba yetu, ambaye kiwanjani kwa walenga shabaha walimwita Mzee Moshi, alikufa akiwa ameacha mtutu mmoja haujaisha. Alishautoboa tundu dogo, la risasi kama punje ya mbaazi, lakini ndani ulikuwa bado laini. Ulikuwa wa gobori la Mama, la kupakiwa mdomoni kama magobori yote, ila jepesi, maana bega lilikuwa linamsumbua na daktari alishamkataza kishindo cha baruti nyingi. Tangu msiba hakuwa amekanyaga kiwanjani. Alishinda jikoni na redio ambayo hata hakuisikiliza. Mimi nilitaka atoke, na sikuona njia nyingine ila huo mtutu.

Kilichobaki ni kuchonga mifereji ya ndani, ile inayojisokota ili risasi itoke ikizunguka na kwenda ilikoelekezwa. Hapo ndipo penye kazi. Msokoto ukiwa mlegevu, yaani mfereji ukijizungusha polepole, risasi inadai baruti nyingi ndiyo izunguke vya kutosha. Ukikazwa, kidogo tu inatosha. Na ukishachonga umechonga, chuma hakina kufuta.

Sisi tumelelewa ndani ya ubishi huo. Baba alikuwa mtu wa msokoto mlegevu, baruti ya kumwaga na moshi wa kumpoteza mtu. Lile jina hakulipata bure. Mama alisema kwa risasi ndogo, kaza. Walibishana mezani, walibishana kitandani tukiwasikia ukutani, walibishana hata siku ya harusi yangu, bwana harusi kashika sahani hajui aondoke au akae. Baba hakukubali, ng'o. Benchi lake lilikuja na magogo mawili ya kuongozea, yamechongwa mizunguko ubavuni. Ukilivuta gogo, chuma cha kukatia kinajipinda ndani ya mtutu kwa kulifuata. Gogo la mlegevu lilikuwa limekuwa jeusi kwa mikono yake. La kukaza alilifanya kizuizi cha mlango.

Basi nikaliokota mlangoni, nikalisugua, nikalifunga kwenye benchi. Kaka yangu akapiga simu kuniambia eti namkosea marehemu. Nikampa vidonge vyake: marehemu hana bega linalouma, mwenye bega ni Mama.

Mama alipoingia karakana alikuwa kavaa aproni yake, kwa sababu siku zote Baba alivuta na yeye akatia mafuta. Nilidhani atafurahi. Aliliangalia gogo, akalipapasa, akasema nilitoe.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia mlegevu hautamfaa, kwamba kwa baruti anayoruhusiwa risasi itapotea njia, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Akasema anajua. Nikamuuliza basi ilikuwaje, alimbishia mzee wa watu bure maisha yote?

"Si bure, nilikuwa sahihi," alisema. "Lakini nikikaza leo, ubishi umekwisha. Nitabaki na nini cha kwake?"

Nililifungua gogo langu, nikafunga jeusi. Nikavuta, yeye akatia mafuta, na unga wa chuma ukaanza kutoka na ile harufu ya utoto wangu, ya Baba akirudi mezani na mikono isiyotakata kwa sabuni yoyote. Nililia, nikasingizia vumbi. Mama naye akasingizia vumbi hilo hilo.

Gobori lilipokamilika, wenzake kiwanjani walimpisha Mama nafasi yake. Akamimina baruti kiduchu, akafunga risasi kwa kitambaa chenye mafuta, akaisukuma ndani kwa ufito, akalenga. Ya kwanza ikaenda kushoto. Ya pili ikapita juu. Ya tatu ilikokwenda hatujui mpaka leo. Roho iliniuma. Kazi ya mwisho ya Baba, na tumeiharibu kwa ukaidi, tena ukaidi tulioujua! Nikamfuata nimpe pole.

Hakuniona. Alikuwa amegeukia kulia, pale Baba aliposimama siku zote na mikono yake nyuma, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko nilivyouona tangu tulipozika.

"Si nilikuambia?" alisema. "Si nilikuambia, mzee wewe?"

Akasubiri, kama anayempa mtu nafasi ajitetee. Kisha akatikisa kichwa, kwa maana hakuridhika na jibu, akaanza kupakia nyingine.