Mwaliko Uliochelewa

Masika yale, jamani, yalikuwa hayana adabu. Siku ya kumi mfululizo mvua inamwagika Mji Mkongwe, na Bi Thuwaiba ana harusi ya bintiye, Yusra, jioni ile ile. Watu wakamtania mwari kwamba utotoni alizidi kukomba masufuria, ndiyo maana mvua imemfuata harusini. Mama mtu hakucheka. Wageni mia mbili wanakuja baada ya Alasiri, nyama imeshakatwa, mchele umesharowekwa, na kule uani mpishi Khatib kapuliza kuni mpaka macho yamemwiva, moto hautaki. Turubai nalo likajaa maji, likamwagikia mafigani.

Khatib akasema majiko ya kubeba masufuria yale yapo pahala pamoja tu: kwa Bi Mwanapili, nyumba ya mbele, anayepika biriani za kuuza kwa gesi. Mtaa mzima, Bi Mwanapili ndiye pekee ambaye hakualikwa. Masika ya mwaka jana maji ya paa lake yalimwagikia mlango wa Bi Thuwaiba mwezi mzima, wakatupiana maneno, na salamu ikafa. Kwa hiyo mwanamke aliyetumwa kualika nyumba kwa nyumba aliambiwa waziwazi: mlango ule uruke. Na Unguja mtu atamsamehe aliyemtukana, lakini aliyemruka mlango wake, thubutu!

Basi afanyeje? Kiburi si maungwana, na mchele uliorowekwa haumngojei mtu. Bi Thuwaiba akajitanda kanga, akavuka uchochoro maji yakimfika vifundoni, akapiga hodi. Aliona haya mpaka akatamani pasiwe na mtu ndani.

Alikuwepo. Bi Mwanapili akamtazama juu mpaka chini, akamwacha aeleze yote: kuni, turubai, mchele. Akamwacha pia aombe radhi kwa maneno ya mwaka jana, wala hakumsaidia hata kwa neno moja.

"Majiko yapo," akasema mwishowe. "Nshayawasha tangu nilipomwona Khatib anahangaika na moshi. Lakini harusi yenyewe mimi sijaalikwa."

Bi Thuwaiba akasimama wima palepale mlangoni, maji yanamchuruzika, akaikunjua sauti kama wanavyofanya wanawake wanaotumwa kualika.

"Bi Thuwaiba anakusalimu sana. Anakualika kwenye harusi ya mwanawe, Yusra."

"Lini?"

"Leo."

"Saa ngapi?"

"Pilau ikishaiva."

Bi Mwanapili alijaribu kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akashikilia mlango, na mwenzake naye akacheka, machozi na mvua havijulikani kipi ni kipi. Khatib, aliyekuwa akichungulia kutoka ng'ambo, hakungoja kuitwa. Akalibeba sufuria la kwanza.

"Mwambie aliyekutuma nnakuja," akasema Bi Mwanapili, akimvuta ndani kwa mkono. "Na kwanza abadili nguo, asije akapata homa siku ya harusi ya mwanawe."