Jirani wa Mchawi

Lori la serikali lilifika kumhamisha Nyamizi mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nne. Wanamgambo wanne waliruka chini, kisha wakabaki wamesimama mbali na mlango. Kwa watu wengine walikuwa wakiingia tu, wanatoa vyungu na vitanda, wanang'oa hata milango. Kwa Nyamizi hakuna aliyetaka kugusa kitu. Basi akabeba vyake mwenyewe, safari saba kati ya nyumba na lori, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, huku vijana wale wenye misuli wakimtazama. Alipotoka na kikapu cha dawa, kilichofunikwa kwa ngozi ya swala, wote wanne waligeuza nyuso kwa pamoja. Nusura acheke.

Nyumba ilichomwa kabla lori halijageuza. Ndiyo ilikuwa amri, ili watu wasirudi mahame. Nyamizi alikaa juu ya gunia la mahindi akiupa moshi mgongo, na njia nzima, mpaka kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara ya Sikonge, hakuna aliyemsemesha.

Alikuwa amezoea. Katika msitu ule alikuwa ameishi miaka thelathini, kumi na mmoja pamoja na shangazi yake Ngollo, na kumi na tisa peke yake. Ngollo ndiye aliyemfundisha kazi. Naye Ngollo alifundishwa na mama yake enzi za misafara, wakati vijana wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Kabla ya safari walipita kwa mama huyo wakachanjwa na kufungiwa hirizi, simba asiwaone, homa isiwashike, warudi wazima. Baadaye ikaja reli. Wapagazi wakaisha, dawa zikabaki, na watu wakaanza kuzitafutia haja nyingine.

Huo ndio ulikuwa uchawi kadiri Nyamizi alivyoujua. Watu walisema anapaa kwa ungo, anafuga fisi, analimisha misukule shambani. Laiti angekuwa na hao misukule! Asingekuwa anaumwa kiuno kila msimu wa kupalilia. Alichokuwa nacho ni mizizi, magome, pembe mbili za swala na masikio. Watu walimjia mchana kweupe, wakipita porini badala ya njiani, wakaketi chini na kumwambia mambo ambayo hawajapata kumwambia mke wala padri wala shehe. Huyu anataka kaka yake augue. Yule anataka ng'ombe wa shemeji wafe. Wengi wao aliwapa unga wa mizizi usiodhuru hata nzi, akawaambia wasubiri mavuno, na mavuno yalipofika hasira ilikuwa imeshapoa. Kisha akikutana nao mnadani, walimpita kama hawamjui. Alijua chuki iliyojificha katika kila nyumba ya upande ule, na hakukuwa na nyumba hata moja aliyokaribishwa uji.

Kama dawa zilifanya kazi au hazikufanya, hakujua. Hilo hakupata kumwambia mtu. Ngollo alikuwa akimwambia, "Ukishaweka, ondoka. Usirudi kuchungulia." Nyamizi alitii miaka yote, isipokuwa mara moja, kabla hata hajawa mwanafunzi halisi. Mara hiyo alichungulia.

Kijijini walimpa kiwanja cha mwisho katika mstari wa tatu. Balozi wa nyumba kumi, Anton, mtu mpole aliyekuwa pia akifundisha katekisimu, alikuja kumwonyesha mipaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na jirani yangu nani?"

Anton akakohoa. "Bado tunapanga, mama."

Ukweli ni kwamba familia tatu zilikuwa zimeshakikataa kiwanja kilichopakana na chake. Ya kwanza ilisema udongo una mchwa. Ya pili ilisema mama mwenye nyumba anaota ndoto mbaya. Ya tatu haikuona sababu ya kuzunguka, ikasema hailali karibu na mchawi, heri ifungwe. Anton akangoja, mpaka wakatokea watu wa kutoka Lusu, upande wa Nzega, waliokuja kulima tumbaku na hawakumjua mtu yeyote pale. Akawapa wao. Hakuwaambia kitu. Walikuwa kijana mmoja, Mussa, na mkewe Zamda, na kitoto chao cha kike Batuli, pamoja na mama mzazi wa Mussa.

Asubuhi ya pili Nyamizi alikuwa anachochea moto aliposikia salamu ya asubuhi mlangoni.

"Mwangaluka hapa! Jirani, naomba kijinga cha moto. Wetu umezimika."

Sauti aliitambua kabla ya uso. Mwanamke aliyesimama na kigae mkononi, mama yake Mussa, alikuwa amenenepa, na meno mawili ya mbele hayakuwepo, lakini alikuwa Amne.

Amne naye akamkazia macho. "Wewe si Nyamizi? Nyamizi wa Lugembe?" Akakitupa kigae, akamkumbatia. "Mke mwenzangu! Miaka yote hii nilidhani umekufa!"

Nyamizi alisimama wima kama mti. Hakukumbuka mara ya mwisho kuguswa na mtu asiye mgonjwa.

Nyamizi aliolewa na Lugembe akiwa na miaka kumi na tisa. Walipata mtoto mmoja, akafa kabla hajatambaa, na mwaka haujaisha Lugembe akamleta Amne, binti wa kucheka ovyo, ambaye alishika mimba upesi. Nyamizi alikwenda kwa shangazi yake msituni, akaiba mzizi aliouona ukitumiwa, akausaga, akaufukia mbele ya mlango wa Amne. Kisha akakaa barazani kwake kuangalia. Amne alitoka na mtungi akiimba, akauvuka. Baada ya siku tano mimba ilitoka. Nyamizi alikwenda kumkanda maji ya moto kama mke mwenza mwema, naye Amne alimshika mkono akamshukuru. Wiki ile ile Nyamizi alifunga nguo zake akaondoka. Aliona mtu aliyefanya vile hana haki ya kuishi katikati ya watu, na kama kazi ile imeshamchagua, heri aifanye mbali nao.

Sasa serikali ilikuwa imempangia Amne hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.

Mwezi wa tisa na wa kumi ilikuwa miezi ya ajabu kwa Nyamizi. Amne aliingia kwake bila hodi. Alimsimulia kifo cha Lugembe na kuhamia kwake Lusu, alimlalamikia Zamda anayetia chumvi nyingi, alimvua kilemba akamsuka. Katika shamba la kijiji alichagua mstari wa karibu naye, na wengine walipoacha nafasi ya watu wawili kati yao na Nyamizi, Amne hakuona, au alijifanya haoni. Walikula pamoja ugali na majani ya kunde yaliyokaushwa, mikono miwili katika sahani moja. Wanawake wa kisimani walimvuta pembeni kumwonya. Akawajibu kwa sauti ya kusikika mstari mzima, "Huyu namjua tangu msichana. Kama ni mchawi, mbona nguo zake zimechanika kama zangu?"

Nyamizi alicheka siku ile mpaka akashika ubavu. Lakini jioni aliisukuma sahani kando. Kila wema wa Amne ulimlemea, maana alijua unakwenda kwa mtu mwingine, yule Nyamizi aliyekanda maji ya moto. Yeye mwenyewe, huyu aliyefukia, alikuwa bado hajatembelewa na mtu.

Alisema mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, wakichambua mbegu za kunde juu ya mkeka.

"Amne. Ile mimba yako ya kwanza."

"Ipi?"

"Ya kwa Lugembe. Iliyotoka."

"Ehe."

"Ni mimi. Nilifukia dawa mlangoni kwako. Nilikuona ukivuka."

Vidole vya Amne viliendelea kutenga mbovu na nzima. "Mwaka ule nilikuwa na homa, Nyamizi. Na mke wa fundi alipoteza yake, na dada yake pia. Wote hao uliwafukia?"

"Hapana. Wewe tu."

"Basi ilikuwa homa." Akapuliza makapi. "Nimezaa sita baada ya pale, wawili nimezika. Ile nilikuwa nimeshaisahau."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa matusi, hata kwa kuapizwa. Kwa hili hakujiandaa. Nilikuwa nimeshaisahau! Miaka thelathini ya moshi na nyoka na kuzungumza na chungu, kwa sababu ya jambo ambalo mwenyewe aliyetendewa hakulibeba hata mpaka Lusu. Alishikwa na hasira asiyoweza kuitaja jina, kama mtu aliyekuwa akipalilia kaburi, halafu akaambiwa halina mtu.

Amne akasimama, akajikung'uta khanga. Akachukua hatua mbili, akageuka.

"Ulitaka kweli itoke?"

Nyamizi angeweza kudanganya. "Ndiyo," akasema. "Nilitaka sana."

"Haya," akasema Amne, akaenda zake.

Kesho yake Zamda alionekana akichukua kijinga cha moto nyumba ya nne, akipita mbele ya mlango wa Nyamizi bila kugeuka. Shambani Amne alihamia mstari wa akina mama wa kisimani. Hakumtukana. Hakumtangaza kwa mtu. Wakikutana njiani alimsalimia vizuri, akauliza hali, akasema mvua imechelewa. Baada ya wiki mbili Mussa alipanda ua wa minyaa kati ya viwanja viwili, akisema ni kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi hawakuwa nao.

Ndipo Nyamizi alipoelewa, akiwa peke yake na sufuria dogo la mtu mmoja, kwamba dawa si kitu. Amne hakuogopa mzizi. Alichoogopa ni kulala hatua ishirini kutoka kwa moyo uliowahi kutaka vile. Na moyo ule hata yeye Nyamizi aliuogopa, na huo ndio aliokuwa akiishi nao msituni miaka yote, wala si mizimu.

Mwezi wa kwanza mvua zilikata barabara. Batuli alishikwa na homa kali iliyomkakamaza viungo, na Mussa aliyetoka na baiskeli kutafuta msaada Sikonge alikuwa amekwama ng'ambo ya mto. Mchana ule Nyamizi alisikia majani yakichakarika nyuma ya nyumba. Amne alikuwa amezunguka kupitia porini, amelowa mpaka magotini. Hakukaa kwenye kigoda alichokuwa akikikalia siku zote. Aliketi chini, miguu ameikunja upande mmoja, macho kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama mganga."

Walikuwa wamepishana miaka mitatu tu. Nyamizi alitafuta jibu jingine, asilione.

"Marahaba," akasema. "Mlete mtoto hapa, Amne. Nimwone."

"Mama yake hatakubali. Nipe dawa tu."

Alimpa magome ya kuchemsha. Akamweleza amvue mtoto nguo, amfute kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, tena na tena, na homa ikishuka amnyweshe maji kidogo kidogo kwa kijiko. Alirudia mara mbili. Amne alisikiliza kwa adabu kubwa, kama walivyosikiliza wote, akapokea kwa mikono miwili, akarudi kwa njia ile ile ya porini.

Siku ya tatu Nyamizi alisikia Batuli akilia kwa nguvu ng'ambo ya ua, kilio cha mtoto mzima mwenye njaa. Akaacha kupura mtama, akasikiliza mpaka kikaisha.

Kabla ya adhuhuri Zamda alikuja, akaweka kuku jike mwekundu kizingitini, amefungwa miguu, malipo ya mganga kama desturi ilivyo, akaondoka haraka. Nyamizi alimfungua kuku, akamwagia mtama. Jioni kuku akapenya kwenye minyaa akarudi kwao. Nyamizi alisimama upande wake wa ua, akingoja kama Amne atamleta. Baada ya kitambo Zamda akamswaga kwa fimbo, akamrudisha, akageuka kwenda zake. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu kuku hakwenda. Alizunguka ua mara moja, akaingia ndani, akalala chini ya kitanda.